Kipupwe cha Kabale kimekwamisha nyanya zangu na cherehani, nifanyeje?

SWALI: Mwalimu habari. Mimi nashona nyumbani, nguo za watoto na mashuka ya kitenge. Mume wangu alihamishwa kikazi tukatoka Jinja tukaja Kabale, huku milimani kusini magharibi mwa Uganda, mwezi wa pili, tunakaa chini kabisa bondeni, nyuma ya nyumba kuna kaploti kadogo. Nilipanda nakati, ile mboga ya majani, na nyanya kwenye magunia kama nilivozoea Jinja, lakini tangu June iingie nakati imedumaa na majani yamekuwa njano, nyanya zinatoa maua halafu yanaanguka. Jirani ananiambia nifunike na shuka usiku. Ni kweli inasaidia? Na kama inasaidia naweza kushona hayo mafuniko nikauza, manake vipande vya vitambaa ninavyo vingi mpaka sina pa kuviweka? Halafu cherehani yangu asubuhi ni nzito mpaka mguu unauma, sijui nayo ni baridi?

JIBU: Nzuri dada yangu, pole na baridi ya huko Kigezi, eneo lenu la Kabale. Maswali yako ni kama manne hivi ndani ya moja, nitayajibu yote ila siyo kwa usawa, la shuka ndo nitakaa nalo sana kwa sababu hapo watu wengi wanahangaika bure.

Jirani yako yuko sawa nusu. Shuka inasaidia, lakini inasaidia mmea ambao tayari unaweza kuishi hapo ulipo, haigeuzi Kabale kuwa Jinja. Jinja uko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, Kabale uko karibu mita 2,000, na kila ukipanda mita 100 joto linapungua nusu digrii na zaidi kidogo, kwa hiyo hata kabla hatujaongelea June tayari umeshapoteza digrii tano hivi. Sasa ongeza June yenyewe. Mvua imekatika, usiku anga ni safi nyota zote unazihesabu, na tatizo liko hapohapo manake usiku wa mawingu ardhi inabaki na joto lake, mawingu yanalizuia na kulirudisha chini, ila usiku wa nyota joto linatoka ardhini linapanda juu linapotelea huko. Halafu hewa ya baridi ni nzito, inateremka mlimani kama maji na inakuja kutulia bondeni, yaani kwenye kaploti kako. Wale unaowaona wamelima kule juu kwenye matuta wewe unawaonea huruma kwa kupanda kilima kila siku, kumbe usiku mazao yao yanalala na joto kuliko ya kwako.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta kathemometa ka ukutani, kaninginize usawa wa mimea siyo usawa wa kichwa chako, na ukasome alfajiri kabla jua halijatoka. Usiku mmoja bondeni, usiku mwingine ukaazime uzio wa mtu wa juu kidogo. Ukijua namba yako ya alfajiri utaacha kubahatisha.

Kwa nini nyanya zinaangusha maua? Nyanya usiku ikishuka chini ya digrii 13 hivi chavua inaharibika, ua halishiki, linakauka linaanguka. Hakuna dawa ya dukani ya hiyo, kwa hiyo mtu asikuuzie chupa. Nakati ni kesi nyingine, ni mboga ya joto, imezoea Buganda huko, na hiyo njano siyo lazima njaa ya mbolea, ni mizizi imepoa hivo haivuti chakula hata kama kipo. Watu wakiona njano wanakimbilia kumwaga yurea, mmea hauichukui, mvua ikirudi yote inaoshwa inaenda zake. Usiweke.

Na magunia yenyewe, dada, ndo yameongeza shida. Udongo wa chini ardhini una joto la mchana limehifadhika, lakini gunia limesimama peke yake linapigwa baridi pande zote, mizizi inapoa haraka kuliko ingekuwa kwenye tuta la kawaida. Jinja ni sawa, Jinja unataka mizizi ipoe. Hapo Kabale magunia uyahamishe yakae yamegusana na ukuta wa nyumba, ukuta wa matofali, na siyo ukuta wowote. Saa sita mchana toka nje uangalie kivuli chako, mwezi huu kinaangukia kusini, maana yake jua liko kaskazini, basi ukuta unaoangalia kaskazini ndo unaokula jua siku nzima na usiku unalitoa polepole. Hapo unaweza kuweka zile nyanya mbili tatu zenye afya, nakati moja moja ya hamu, na ukubali hivo. Nyanya za kula nunua sokoni, zinatoka sehemu za joto zaidi na ni nzuri, na hata mvua ikirudi September usije ukadhani ndo nafasi yake, baridi na maji pamoja vinaleta blaiti, ugonjwa wa ukungu unaounguza majani yote ndani ya wiki.

Sasa hako kaploti upande nini? Hapo ndo ninapokuonea wivu, manake kuna vitu sisi wa chini tunavitamani na havikubali kwetu vizuri. Kabichi, koliflawa, karoti, njegere, spinachi, letasi, bitiruti, liki, kitunguu saumu, vyote hivo vinapenda hali ya hewa yako. Sukuma wiki ndo usiseme, ya baridi inakuwa laini na tamu kuliko ya joto. Dodo, yaani mchicha, itaota ila polepole, usiitegemee. Ningekuwa wewe ningeanza na njegere, kwa sababu hazihitaji kitalu, unatupia mbegu moja kwa moja kwenye mfereji, sentimita tano tano, zinaota hata udongo ukiwa wa baridi, na huko Kigezi njegere ni chakula cha asili kabisa, ukipata mbegu ya wenyeji kwa mama jirani ni bora kuliko ya pakti iliyokaa dukani hujui tangu lini. Ziwekee fito za kupandia. Karoti zinachelewa kuota kwenye baridi, zinaweza kukaa wiki mbili hata tatu mtu akadhani zimekufa akafukua, zisifukuliwe, tandika gunia lenye unyevu juu ya tuta mpaka uone vichwa vya kijani ndo utoe siku hiyohiyo. Viazi mviringo wewe upo kwenyewe, ila mbegu usichukue tu kiazi cha sokoni, viazi vya sokoni vinabeba mnyauko wa bakteria unaingia kwenye udongo wako na hautoki leo wala kesho. Kachwekano kuna kituo cha NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, na viazi ni moja ya kazi zao, pita uulize mbegu safi wanapata wapi wakulima wa hapo.

Maji mwagilia asubuhi, siyo jioni. Najua Jinja mnamwagilia jioni kwa sababu ya jua, lakini hapo ukimwagilia jioni majani yanalala yamelowa na ukungu unapenda hivo. Na kuna faida nyingine, udongo wenye unyevu unashika joto la mchana kuliko udongo mkavu, kwa hiyo tuta ulilomwagilia asubuhi linaingia usiku na akiba. Hapohapo niseme kuhusu matandazo ya nyasi, sisi wote tumefundishwa kutandaza na ni kweli yanazuia maji kukauka, lakini yanazuia pia jua kuingia ardhini mchana na joto kutoka usiku, kwa hiyo kwenye bonde la baridi yale yaliyozunguka miche midogo yavute pembeni mchana jua lipige udongo wazi. Kabichi ikishakuwa kubwa rudisha.

Haya, tuje kwenye shuka.

Kitu cha kwanza, shuka haina joto lake. Blanketi linakupa joto wewe kwa sababu mwili wako unatengeneza joto, mmea hautengenezi. Joto linatoka kwenye udongo, kazi ya kitambaa ni kulifungia humo lisipotee. Kwa hiyo ukifunika mmea kwa juu tu ukafunga kamba kwenye shina kama unavyofunga mzigo, umefanya sifuri, joto la udongo linapita pembeni linaenda. Kitambaa lazima kishuke mpaka chini na kukaza ardhini pande zote. Ndo maana naona wewe fundi una nafasi hapa, kufunika na kitambaa kilichoshonwa kwa vipimo na kufunika na shuka iliyotupwa ni vitu viwili. Ukifanya vizuri kitambaa kimoja kinakupa digrii mbili hadi nne hivi. Ni kidogo, lakini kwa mche wa kabichi wa wiki mbili hizo digrii mbili ndo tofauti ya kukua na kukaa tu.

Cha pili, kitambaa kisiguse majani. Umande ukikilowesha, jani lililokigusa linapoa zaidi kuliko ambalo halijakigusa. Kwa hiyo unahitaji matao. Chukua fito za mianzi zilizopasuliwa au miti laini inayopinda, chomeka mwisho mmoja huku mwingine kule, tao moja kila hatua moja. Tuta lenye upana wa mita 1.2, tao likiwa na kimo cha nusu mita, ule mzunguko wa juu kutoka ardhini mpaka ardhini unakuja kama mita 1.75. Ongeza sentimita 25 kila upande za kulala chini, jumla mita 2.25. Sasa angalia bahati yako, kitenge kina upana wa mita 1.15 hivi, ukiunganisha viwili ukatoa mshono unapata karibu hiyohiyo mita 2.25. Lakini usikate kitenge kizima kwa kazi hiyo, ni hasara na kuna wa kukivaa, nenda kwenye mivumba, yaani mitumba, utafute mashuka ya kitanda kikubwa, upana wake unakaribia hapo bila hata mshono wa katikati. Chagua yale ya pamba iliyochanganywa na polista, siyo pamba tupu, pamba tupu inakunywa umande inakuwa nzito inabonyeza matao na haikauki mpaka mchana. Rangi iwe nyeupe au nyepesi ili hata ukichelewa kutoa asubuhi mwanga kidogo unapita.

Mtu atakwambia kaveera, yaani plastiki nyembamba, ni rahisi zaidi. Kaveera jeupe mchana linapika, jua la Kabale siyo la mchezo ingawa hewa ni baridi, ukilisahau mpaka saa sita miche inababuka. Na usiku, watu hawajui hili, plastiki nyembamba inaruhusu joto la udongo kupita kwa urahisi, kwa hiyo inakufungia upepo tu. Kitambaa kwa usiku ni bora. Ukishaamua hivo unakuwa na ratiba ambayo haina ujanja: funika saa kumi na moja jioni wakati udongo bado una joto, ukingoja mpaka giza liingie unafungia baridi humo ndani, na asubuhi saa tatu jua likishatoka funua. Kila siku. Kama huwezi kila siku basi panda njegere na sukuma wala usijisumbue na mafuniko, vitakuwa tu.

Ongeza jerikeni za lita tano zimejaa maji, mchana zikae juani wazi, jioni ziingize chini ya kitambaa katikati ya miche. Maji yanashika joto jingi na kulitoa taratibu usiku. Mbili kwa tuta fupi zinatosha.

Ushonaji wenyewe sasa. Kama unaunganisha vipande usitumie mshono wa kawaida ukaacha kingo wazi, upepo na kufua vitafumua. Tumia mshono wa kufunga, ule wa pembeni mwa mguu wa jinzi: unaweka vitambaa migongo ikitazamana, kimoja kimezidi mwenzake kwa sentimita moja, unashona, unakunja kile kilichozidi kinafunika kifupi, unapiga pasi, unashona tena juu. Inachukua muda lakini hakuna uzi unaoonekana umening'inia na maji hayaingii kwenye mshono yakakaa. Pindo la pembeni ndo siri ya kazi yote. Usikunje pindo dogo la sentimita moja, kunja la sentimita nane, shona, umepata bomba refu la kitambaa pande zote mbili ndefu. Lishone kwa kukatiza kila nusu mita ili liwe vimfuko vimfuko, kila kamfuko uache mdomo, ujaze mchanga mkavu kiasi cha kikombe kimoja, ufunge kwa mkono au kwa kamba ya kuvuta. Uzito huo unakaza kitambaa ardhini bila mawe. Mawe yana tabia ya kuviringika yakaangukia miche, na pia ukivuta kitambaa asubuhi umelala nusu unalivuta jiwe linakuja na kabichi. Usishone vimfuko vikafungwa moja kwa moja manake siku ya kufua utataka kutoa mchanga. Kwenye ncha mbili za tuta acha kitambaa kirefu cha kukusanya na kufunga kwenye kigingi.

Uzi uwe wa polista. Wa pamba unaoza kwa umande na jua, msimu mmoja mishono inaachia wakati kitambaa bado kizima. Sindano kwa shuka namba 14 inatosha, kwenye kona ambapo tabaka zinakuwa nne tano zungusha gurudumu kwa mkono usikanyage, utavunja sindano. Kushona kwenye jinzi au turubai panda namba 16 au 18 na urefu wa mshono ufungue mpaka milimita tatu na nusu hivi, mishono midogo midogo kwenye kitambaa kizito inakikata kama stampu.

Magunia. Yale meupe ya plastiki yaliyofumwa, ya unga wa posho na sukari, jua linayala, baada ya miezi kadhaa yanaanza kupukutika vipande vidogo vinaingia kwenye udongo na hutavitoa tena. Kama utaendelea na magunia nenda kwa wanaouza magunia ya kahawa, yale ya nyuzi za mimea, yanaoza yakawa mbolea. Ukilipunguza kimo kabla hujalishona kunja ukingo mara mbili manake linafumuka ukiliangalia tu, sindano 18, uzi mnene, na ukimaliza safisha mashine maana vumbi la gunia linajaa kwenye meno ya kusukumia kitambaa.

Najua kuna mtu ameshakwambia tumia neti ya mbu. Ile iliyogawiwa bure ni ya kulalia, malaria hata kwenye milima ipo, na watoto kwanza. Iliyochanika kabisa isiyozibika hata kwa kiraka ni hadithi nyingine lakini bado mimi siipendi juu ya mboga za kula, ina dawa, inaua nyuki pia, na isifuliwe mtoni wala kwenye ziwa Bunyonyi kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Ukitaka kuzuia wale nondo wadogo wa kabichi ambao watoto wao wanatoboa majani, shela ya dirishani au pazia jepesi la mivumba lisilo na dawa linashonwa kwa vipimo vilevile vya juu, na hilo linaweza kukaa mchana kutwa kwa kuwa mwanga unapita. Vidukari kiangazi hiki watakuja tu, maji ya sabuni, nyunyiza mpaka chini ya jani, rudia. Majivu ya jikoni pia wanatumia, sawa, ila kidogo, na usiyachanganye na samadi mbichi kwenye shimo moja manake yanafukuza naitrojeni ikapotea hewani, ile harufu kali inayokutoa machozi ndo yenyewe inaondoka.

Cherehani. Siyo baridi peke yake, nabashiri mtu aliitia mafuta ya kupikia. Hili jambo lipo sana, mafuta ya mashine yamekwisha, mtu anachukua ya kula, siku ya kwanza inateleza vizuri kabisa, baada ya wiki kadhaa yanaganda yanakuwa gundi na alfajiri ya baridi yanakuwa magumu zaidi, jua likipanda mashine inalegea kidogo ndo maana unaona asubuhi tu ni nzito. Ili kujua, fungua kasahani ka chini penye bobini uguse kwa kidole, ukikuta rangi ya asali na inanata jibu umepata. Toa sindano na bobini, toa vumbi kwa brashi, weka tone la mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila sehemu vyuma vinaposuguana, zungusha gurudumu kwa mkono muda mrefu mbele na nyuma, futa uchafu unaotoka, rudia mpaka kinachotoka ni safi. Iache mpaka kesho yake ikauke, mbali na sigiri, lile jiko la mkaa, na mshumaa tafadhali, usiku wa baridi kila mtu anasogeza sigiri karibu. Halafu tia mafuta halisi ya mashine, yale mepesi yasiyo na rangi, tone tone, shona kwenye kitambaa kibovu mpaka kisitoke na doa. Angalia pia mkanda, ukikaza sana na wenyewe unafanya mguu uume. Na kuhusu sigiri nikiwa hapohapo, usishone chumba kimefungwa dirisha na mkaa unawaka ndani, ile hewa haina harufu na inaua, kila baridi tunasikia.

Sasa biashara. Mafuniko ya bustani utauza kwa nani? Mkulima wa viazi mwenye heka hatanunua, hesabu yake haikubali na hana haja, viazi vyake vinavumilia. Wanaoweza kununua ni wale wanaootesha miche ya kabichi na vitunguu kwa ajili ya kuuza, kitalu chao ni kidogo na mche mmoja ukidumaa ni sente imepotea, na shule zenye bustani. Nenda na kimoja kimeshonwa, mfunikie mtu kitalu chake nusu, nusu acha wazi, wiki mbili tatu ataona mwenyewe na hutahitaji maneno mengi. Bei piga kwa kuhesabu shuka ya mivumba, uzi, na masaa yako, siyo kwa kuhurumia. Ila nikwambie ukweli sioni kama hapo ndo pesa yako ilipo, soko ni dogo na ni la miezi miwili mitatu.

Mimi vile vipande ulivyo navyo ningevigeuza kikapu cha kupikia. Kabale kwenye mita 2,000 maji yanachemka kwenye digrii 93 hivi siyo 100, ndo maana maharage yako yanakula mkaa kuliko ya Jinja, umeshaona naamini. Kikapu hiki ni kikapu cha kawaida cha ukili au cha nyasi, ndani unashonea mto mnene wa kuzunguka sufuria na mto mwingine wa duara wa kufunika juu, umejazwa vipande vya vitambaa vilivyokatwa vidogo vidogo, unene sentimita kumi na zaidi kila upande, na usishindilie, hewa iliyobaki katikati ya vipande ndo inazuia joto. Upande wa ndani unaogusa sufuria uwe pamba, polista karibu na sufuria iliyotoka motoni inaweza kuharibika. Satini zinazobaki kwenye gomesi, yale magauni ya kina mama, ziweke nje, zinapendeza na mteja anatazama nje kwanza. Tengeneza foronya ya kuvulika ili ifuliwe. Maharage yaloweke usiku, mwaga maji hayo, chemsha kwa nguvu nusu saa nzima, usipunguze hapo maana maharage mabichi yana sumu ambayo inahitaji mchemko wa kweli, kisha sufuria na mfuniko wake ndani ya kikapu masaa manne matano bila kufunguafungua. Kabla ya kula rudisha jikoni yachemke tena. Mtu akiona mkaa aliookoa kwa wiki moja anakuja kununua mwenyewe, tena kikapu kinauzika January na kinauzika July.

Vile vipande vyembamba kabisa visivyofaa hata hapo jaza kwenye bomba la jinzi, urefu wa mlango, weka mchanga kidogo pamoja navyo liwe zito, ulaze chini ya mlango usiku. Baridi ya bondeni inaingia hapo kuliko dirishani. Watoto watalichezea, shona ncha mara mbili.

Mvua zikirudi September mawingu yatarudi nayo na usiku utapungua ukali, mafuniko yatakuwa yanazuia mwanga bure. Toa mchanga, fua kwa sabuni, anika juani mpaka pindo zikauke kabisa maana pindo nene linaficha unyevu linaota madoa meusi, ndo ukunje. Usiyaweke stoo pamoja na mahindi au njegere kavu, panya akija kwa nafaka anatengenezea kiota kwenye shuka. Ning'iniza kwenye kamba juu darini, na matao ya mianzi yafungwe pamoja yakae pakavu, June ijayo utachomeka tu.